Maswali ya Wasomaji: Ngazi Isiyofika Ghorofani

Barua nyingi za safari hii zinahusu ngazi, na karibu zote zinailaumu zana ya kuchorea ngazi kwenye programu za usanifu. Tumezisoma moja moja, na maoni yetu ni kwamba zana hiyo inasingiziwa. Ngazi ni hesabu ya umbali kati ya leveli mbili, yaani usawa wa sakafu ya chini na ule wa sakafu ya juu. Leveli zikiwekwa vibaya, programu itaigawa namba mbaya kwa uaminifu mkubwa na kukuletea ngazi mbaya.

Ili tuelewane: kimo ni urefu wa kupanda kutoka kidato kimoja hadi kingine. Kanyagio ni kina cha pale mguu unapotua, kikipimwa kwenye ramani kutoka ukingo wa kidato hadi ukingo wa kidato kinachofuata. Vipimo vyote ni vya milimita, isipokuwa pale tuliposema vingine. Kila swali la msomaji linafuatwa na jibu letu.

Ninachora ngazi ya moja kwa moja kwenye Revit, programu ya kuchorea majengo. Tofauti kati ya leveli ni 2,950. Programu inanionya kwamba ncha ya juu ya ngazi haifiki, na kweli kwenye 3D naona pengo chini ya slabu, lile bamba la zege la sakafu ya juu. Nikiongeza kidato, inazidi. Tatizo liko wapi?

Anza na kalamu. Gawa 2,950 kwa kimo kikubwa unachokubali, tuseme 180. Unapata 16.39. Huwezi kuwa na kidato cha robo, kwa hiyo panda hadi 17, kisha ugawe tena: 2,950 ÷ 17 = 173.53. Hicho ndicho kimo chako. Revit hufanya hesabu hiyo hiyo yenyewe: huchukua kimo cha juu kabisa kilichoandikwa kwenye aina ya ngazi, hugawa na kupandisha jibu hadi namba nzima.

Sasa jambo linalowachanganya wengi: vimo 17 vina makanyagio 16. Kanyagio la 17 ni sakafu ya juu yenyewe. Anayehesabu vidato anavyovikanyaga na kuingiza namba hiyo kama idadi ya vimo atapungukiwa na kimo kimoja, na hapo ndipo pengo lako linapotokea.

Kagua mambo matatu kwa mpangilio huu. Kwanza, unapochora, programu huonyesha kwa maandishi madogo vimo vilivyokwisha kuundwa na vilivyobaki. Usiache kuburuta kipanya hadi vilivyobaki viwe 0. Pili, mkondo wa ngazi, yaani mfululizo mmoja wa vidato usiokatizwa, una kisanduku cha kuanza kwa kimo na kingine cha kumaliza kwa kimo. Ukiondoa alama kwenye cha kumaliza, kimo cha mwisho kinaondolewa na hesabu inapungua moja. Watu huongeza kidato kwa mkono kabla ya kukitazama kisanduku hicho, halafu wanakirudisha, na ngazi inazidi. Tatu, bofya slabu ya juu usome sifa zake. Mara nyingi ngazi imefika leveli sawasawa, ila slabu ndiyo iliyosogezwa juu au chini ya leveli yake kwa milimita 50, na hakuna anayekumbuka kwa nini.

Kuna kisa cha nne, si cha kawaida sana. Ukivuta kishale cha juu cha mkondo kwa kipanya, kimo cha mwisho cha mkondo huo kinabadilika na kuacha kufuata leveli. Kirudishe kwa kuandika namba.

Kuna kanuni moja ya vipimo ninayoweza kuiweka kwenye kiolezo changu na kuisahau?

Ya kuiweka ipo, ya kuisahau hakuna. Msanifu wa Kifaransa François Blondel, katika karne ya 17, alipendekeza kwamba vimo viwili ukijumlisha na kanyagio moja upate urefu wa hatua ya mtu. Yeye alitumia inchi 24 za Kifaransa za wakati huo, kama sentimita 65. Siku hizi wengi hulenga 620 hadi 640. Kwa mfano wetu: 173.53 × 2 + 280 = 627. Ngazi hiyo inapandika vizuri.

Programu ya FreeCAD inakuandikia namba hiyo kwenye sifa za ngazi kama uwiano wa Blondel. Programu ya Archicad, tangu toleo la 21 la mwaka 2017, ina ukurasa mzima wa kanuni: unaweka mipaka ya kimo, ya kanyagio na ya jumla hiyo, na ikishindwa kupata ngazi inayozitimiza inakutajia kanuni iliyovunjwa. Tunashauri mipaka hiyo uiandike wewe mwenyewe badala ya kuiacha kama ilivyokuja na programu, kwa sababu kiolezo hakijui jengo lako litasimama wapi. Kwa mfano, mwongozo wa Uingereza kwa ngazi za ndani ya nyumba binafsi unaruhusu kimo kisichozidi 220 na kanyagio lisilopungua 220, lakini pia unakataza mwinamo kupita nyuzi 42. Kimo cha 220 juu ya kanyagio la 220 ni nyuzi 45. Kwa hiyo mipaka hiyo miwili huwezi kuitumia pamoja, na programu iliyojazwa namba hizo mbili bila ya tatu itakupitishia ngazi isiyoruhusiwa. Kanuni za kimataifa za ujenzi zinazotumika Marekani hukaza zaidi kwa majengo ya umma: kimo kisizidi inchi 7, yaani 178, na kanyagio lisipungue inchi 11, yaani 279.

Modeli yangu ilikuwa safi, vimo vyote sawa. Mafundi walipomaliza kuweka vigae, kidato cha kwanza kikawa kifupi kuliko vingine vyote. Mhandisi anasema alifuata mchoro. Nani ana kosa?

Kosa limo kwenye leveli, na hili ndilo swali tulilolisubiri.

Ngazi yenye vimo sawa ni ile yenye vimo sawa *baada ya* vigae. Mguu haulijui zege. Lakini fundi wa fomu na nondo hujenga zege tupu, na unene wa umaliziaji si mmoja kila mahali: sakafu ya chini inaweza kuwa na kizuizi cha joto au mabomba, kwa hiyo ikawa na 80 juu ya zege, sakafu ya juu ikawa na 30, vidato vyenyewe 30.

Tuchukue slabu ya chini kwenye 0 na ya juu kwenye 3,000, zote zege tupu. Sakafu zilizokamilika ziko 80 na 3,030. Umbali atakaoupanda mtu ni 2,950, si 3,000.

Aliyeiunganisha ngazi na leveli za zege amegawa 3,000 kwa 17 na kupata 176.47. Zege likamwagwa hivyo. Kisha vigae vikaja: kidato cha kwanza kilipanda 30, sakafu iliyo chini yake ikapanda 80, na kimo cha kwanza kikabaki 176.47 + 30 − 80 = 126.47. Vingine vyote ni 176.47. Tofauti ni milimita 50. Kanuni za Marekani tulizozitaja haziruhusu tofauti kubwa kuliko 9.5 kati ya kimo kikubwa na kidogo katika mkondo mmoja, na hazikuwekwa kwa ukaidi: miguu hukariri kimo cha kwanza na kuendelea bila macho, na kimo kinachotofautiana ndicho kinachomwangusha mtu.

Njia sahihi ni kuanza na vipimo vya juu ya vigae, kisha kushuka kwenye zege. Kimo kilichokamilika ni 2,950 ÷ 17 = 173.53. Kimo cha kwanza cha zege ni 173.53 + 80 − 30 = 223.53. Vimo vingine vya zege ni 173.53. Cha mwisho nacho ni 173.53, kwa kuwa kigae cha kidato na kigae cha sakafu ya juu vina unene uleule wa 30. Vingetofautiana, kimo cha mwisho cha zege kingebadilika pia: ongeza unene wa kigae cha kidato, toa ule wa sakafu ya juu. Kimo cha zege cha 223 kikionekana kwenye mkato, yaani mchoro wa jengo lililokatwa wima, mhandisi atashtuka na kukipigia mstari. Mwandikie pembeni kwamba ni cha zege tupu, la sivyo atakusawazishia.

Kwenye programu, weka leveli mbili kwa kila ghorofa: moja ya sakafu iliyokamilika, moja ya zege. Zipe majina yasiyofanana, maana mtu mwingine ataifungua faili hiyo saa nne za usiku. Ngazi ifungwe kwenye leveli za sakafu iliyokamilika. Slabu ya zege ifungwe kwenye leveli ya zege, na tabaka la vigae lichorwe kama sakafu ya pili, nyembamba, juu yake. Baadhi ya ofisi huchora slabu moja yenye matabaka yote ndani yake. Hilo linawezekana, ila ukingo wa tundu la ngazi unakuwa mgumu kuuchora, kwa kuwa vigae na zege haviishii kwenye mstari mmoja.

Kwa ngazi ya zege, mpe mkondo unene wa kanyagio wa 30 kama tabaka lake. Mwili wa zege unapaswa kuanzia chini ya leveli iliyokamilika, la sivyo utaona ngazi inaelea 80 juu ya slabu. Kwenye Revit kuna kipimo cha kurefusha mkondo chini ya msingi wake: andika −80. Kwenye programu nyingine tafuta kipimo cha kushusha sehemu ya chini ya muundo. Usiishushe ngazi nzima, maana hapo hesabu yote inarudi kuharibika.

Nitajuaje ukubwa wa tundu la slabu? Nilidhani programu italikata yenyewe.

Wala Revit wala Archicad haitoboi slabu kwa sababu tu umepitisha ngazi. Ngazi na slabu vitapitana kimya kimya, na kwenye ramani hutaona chochote cha kukushtua. Mkato ndio utakaokuonyesha mtu akiingiza kichwa kwenye zege.

Tundu linahesabiwa kutokana na nafasi ya kichwa, ambayo hupimwa wima kutoka mstari unaounganisha kingo za vidato hadi sehemu ya chini ya kilicho juu. Uingereza inadai 2,000; kanuni za Marekani kwa majengo ya umma 2,032. Sisi tunatumia 2,050, ili lipu ikizidi kidogo tusilie.

Tuendelee na ngazi ileile, kanyagio 280. Slabu ya juu pamoja na vigae na lipu ina unene wa 200. Sehemu yake ya chini iko basi 2,950 − 200 = 2,750 juu ya sakafu ya chini. Toa 2,050: mtu anaweza kuwa amepanda hadi 700 huku slabu ikiwa bado juu ya kichwa chake, si zaidi. Ukingo wa kidato cha 4 uko 4 × 173.53 = 694. Wa 5 uko 867.6. Kwa hiyo slabu lazima iishie kabla ya kupita ukingo wa kidato cha 4. Kutoka hapo hadi ukingo wa sakafu ya juu, ambao ni kimo cha 17, kuna makanyagio 13: 13 × 280 = 3,640. Huo ndio urefu mdogo kabisa wa tundu, ukiwa umekamilika kwa lipu. Kwa zege ongeza unene wa lipu pande zote zinazopakwa.

Ukiona 3,640 ni ndefu mno kwa chumba chako, usianze kuiba milimita kwenye kichwa. Jaribu kupunguza unene wa slabu ukingoni kwa kushauriana na mhandisi, na hasa umuulize boriti ya ukingo wa tundu itakaa wapi. Boriti inayoning'inia 250 chini ya slabu pale penye kidato cha 4 inaharibu hesabu yote hapo juu, na mara nyingi huongezwa baada ya msanifu kuondoka.

Kwa jengo la ghorofa nyingi tumia shafti moja, yaani tundu moja la wima linalokata slabu zote, badala ya kuhariri kila slabu. Hakikisha chini inaishia juu ya slabu ya msingi na juu inaishia chini ya paa, la sivyo utapata shimo kwenye msingi na mvua ndani ya ngazi.

Ngazi yangu inakunja nusu mzunguko, ina landingi (sakafu ndogo ya kugeukia) katikati. Reli inaruka ghafla pale kwenye kona, kama imevunjika. Nimebadilisha aina tatu za reli, bado.

Reli haina kosa. Umepanga kimo cha mwisho cha mkondo wa chini na kimo cha kwanza cha mkondo wa juu kwenye mstari mmoja. Kwenye ramani inapendeza. Lakini pale kwenye mstari huo, ukingo wa mkondo wa chini uko usawa wa landingi, na ukingo wa kwanza wa mkondo wa juu uko kimo kimoja juu yake. Reli inafuata kingo, kwa hiyo lazima iruke 173.53.

Sogeza mkondo wa juu kwa kanyagio moja, 280, kwenda upande unaopandia, yaani mbali na ukuta wa landingi. Landingi itakuwa na jino upande mmoja, na reli itazunguka bila kuruka. Kumbuka kwamba mkondo huo sasa unaishia 280 mbele zaidi huko juu. Kagua tundu la slabu tena.

Mhandisi anaweza kulalamika, na ana haki. Mikunjo ya chini ya zege, pale slabu za mteremko zinapokutana na landingi, inavutwa upande ulio kinyume. Kwa slabu ya mteremko ya 150, umbali wa wima kutoka kingo za vidato hadi sehemu ya chini ya zege ni kimo 173.53 ukijumlisha na 150 ÷ 0.85, jumla kama 350. (Hiyo 0.85 ni kanyagio 280 ÷ urefu wa mshazari wa kidato, 329.) Ukitaka reli isiyoruka na mikunjo ya chini iliyo kwenye mstari mmoja kwa pamoja, landingi itabidi iwe na unene wa kama 350. Ikibaki 150, chagua kimoja. Kama chini ya ngazi kutafunikwa au hakuonekani, chagua reli bila kufikiri mara mbili.

Kuhusu vimo 17 kwenye mikondo miwili: 9 na 8 ni sawa kabisa. Landingi inakaa 9 × 173.53 = 1,561.8 juu ya sakafu. Usiizungushe kuwa 1,560, kwa sababu mkondo wa chini na wa juu utakuwa na vimo tofauti. Ukipenda mikondo inayolingana tumia 18, kimo 163.9, na ulipe kwa kanyagio moja zaidi. Upana wa landingi usipungue upana wa ngazi.

Sina programu ya usanifu kamili, natumia SketchUp, programu nyepesi ya kuchorea 3D. Ngazi yangu kila mara inakosea sakafu ya juu kwa milimita chache.

Unaandika kimo kilichozungushwa. Ukiandika 173.5 mara 17 unapata 2,949.5. Ukiandika 174 unapata 2,958, na hizo 8 ndizo unazoziona.

Usiandike kimo kabisa. Chora mstari wa wima wa 2,950, bofya kitufe cha kulia, chagua kugawa, na ugawe kwa 17. Kipande cha kwanza ndicho kimo chako, na ncha yake inanaswa na kipanya kwa usahihi ambao maandishi ya skrini hayaonyeshi. Chora ubavu wa kidato kimoja kwa kunasa ncha hiyo, kanyagio 280, uvute kwa upana wa ngazi, kisha ukifanye komponenti. Chukua zana ya kusogeza, bonyeza kitufe cha kunakili, shika kona ya chini ya mbele na uiachie kwenye kona ya juu ya nyuma. Bila kubofya kingine, andika x15 na uingize. Una vidato 16, na sakafu ndiyo ya 17.

Kwa kuwa ni komponenti, ukibadilisha kimoja vyote vinabadilika. Hiyo ni faida kwa kigae na ukingo, lakini kwa urefu ni mtego: ukikibadilisha kimo cha komponenti, nafasi za nakala hazisogei, na utabaki na vidato vilivyopandana au kuachana. Leveli ikibadilika, futa nakala uzipange upya. Haichukui hata dakika moja.

Ghorofa ya chini ina 3,600, zilizobaki 3,000. Naweza kunakili ngazi moja juu hadi mwisho?

Zile za 3,000, ndiyo. Revit tangu toleo la 2018 inakuwezesha kuchagua leveli kwenye mkato na kuiendeleza ngazi. Zenye umbali sawa zinakuwa kundi moja, yenye umbali tofauti inapewa ngazi yake.

Kinachoumiza ni urefu wa chumba cha ngazi. Kwa 3,000, vimo 18 vya 166.67 vinagawanyika 9 na 9. Kila mkondo una makanyagio 8, yaani 2,240. Kwa 3,600, vimo 22 vya 163.64 ni 11 na 11, makanyagio 10, yaani 2,800. Chumba kinahitaji 560 zaidi chini kuliko juu. Aliyechora ghorofa ya kawaida kwanza hugundua hili akiwa tayari amepanga kuta za zege. Anza na ghorofa ndefu kuliko zote, upime chumba kwa hiyo.

Kwenye ramani ya ghorofa ya juu ngazi haionekani kabisa. Ya chini inaonekana nusu.

Nusu ni sahihi. Ramani ni mkato wa ulalo, kwa kawaida 1,200 juu ya sakafu kwenye Revit, na ngazi inakatwa hapo kwa mstari wa mshazari. Ya juu haionekani kwa sababu slabu imeifunika, yaani bado hujatoboa tundu, au kina cha mwonekano kinaishia kwenye leveli hiyo. Kishushe. Na mshale wa ngazi sisi tunauelekeza upande wa kupanda siku zote, kwenye ramani zote mbili.

Programu inanipa zege la ngazi mita za ujazo 1.6. Mkadiriaji anasema 1.3. Nimwamini nani?

Hesabu kwa mkono. Chukua ngazi yetu ya moja kwa moja, upana wa mita 1.1, slabu ya mteremko mita 0.15. Urefu wa mshazari wa kidato kimoja ni kipeuo cha pili cha jumla ya 0.1735² na 0.28², yaani 0.3294. Mara 16 ni 5.27. Mara 0.15 mara 1.1 ni 0.87. Vidato ni pembetatu: nusu ya 0.1735 × 0.28, mara 16, mara 1.1, ni 0.43. Jumla 1.30. Mkadiriaji yuko sawa.

Hizo 0.3 za ziada huwa zimetoka pale ngazi inapoingia ndani ya slabu ya juu, au landingi iliyochorwa mara mbili: mara moja na zana ya ngazi, mara nyingine kama slabu ya kawaida. Landingi ibaki ndani ya ngazi. Kwenye faili ya IFC, muundo wa kubadilishana modeli kati ya programu ulio katika kiwango cha ISO 16739, ngazi husafirishwa kama IfcStair yenye mikondo, IfcStairFlight, na landingi kama IfcSlab iliyotambulishwa kwa aina yake ya landingi. Ile uliyoichora kama slabu ya kawaida itahesabiwa na sakafu za ghorofa. Fungua faili uliyoitoa kwenye programu ya kutazamia, ifiche IfcStair, uone kama kuna landingi iliyobaki hewani. Ikibaki, ndiyo ya kufuta.